Kura ya Marlys Haugland

Jumatatu ile ya mwisho wa Januari, kahawa haijachemka, Marlys Haugland alikuwa ameshatukanwa na watu arobaini na wawili. Hakumjua hata mmoja wao. Walikuwa mashabiki wa Chuo cha Bluestem, kule magharibi ya Nebraska, na kosa lake lilikuwa moja tu: katika orodha yake ya timu ishirini na tano bora za mpira wa kikapu wa wasichana wa vyuo, Bluestem haikuwemo. Si ya kumi, si ya ishirini, si ya mkiani. Haikuwemo kabisa.

"Kizee kipofu," aliandika mmoja. "Huyu kalala tangu enzi za redio, mwamsheni," aliandika mwingine. Watatu walimshauri aache kazi akalee wajukuu. Hakuwa na wajukuu, wala hakuwahi kuolewa.

Alikuwa na miaka sitini na mbili, mrefu, mkavu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba marobota ya nyasi tangu utotoni. Kukaa hakujua. Wenzake katika gazeti la Harlow Creek, Iowa, walikwisha kumzoea akiandika habari zake amesimama wima, kompyuta kaiweka juu ya kabati la mafaili. Miaka thelathini na sita alikuwa ameandika mpira wa wasichana, na kwa kumi na minne ya mwisho alikuwa mmoja wa waandishi wachache nchini waliopewa kura ya kuzipanga timu kila wiki. Mhariri wake aliionea fahari kura ile. Marlys ilimnyima raha. Kila Jumapili alipanga majina, akayapangua, akaosha jiko ambalo halikuwa chafu, akarudi kuyapanga tena, na Jumatatu asubuhi, baada ya kutuma, aliona papo hapo timu tatu alizozikosea.

Yeye mwenyewe alicheza, zamani zile ambapo wasichana wa Iowa walicheza sita kwa sita: washambuliaji watatu upande huu, walinzi watatu upande ule, na mstari wa katikati hauvukwi. Marlys alikuwa mlinzi. Misimu mitatu mizima, ukumbi umefurika wakulima na wake zao, hakurusha mpira kikapuni hata mara moja, kwani sheria haikumruhusu. Katika karatasi ya pointi jina lake halikuonekana kamwe. Ndiyo maana hakuwa mtu wa kusujudia namba. Alijua mtu anaweza kuamua mchezo na karatasi isimtaje.

Mtu wa namba alikuwa mdogo wake wa kiume, Verlyn, mwalimu mstaafu wa hesabu na mjane. Katika chumba cha chini ya nyumba yake alikuwa ametengeneza programu iliyozipanga timu zote za nchi, mia tatu na sitini na ushei, kila siku alfajiri. Hakulipwa na mtu. Lakini maelfu waliifuata orodha yake, wakiwemo makocha waliojifanya hawaijui.

Mchana wa Jumatatu hiyo walikutana mkahawani kama kawaida, mbele ya mabakuli ya maharage yenye nyama ya kusaga na pilipili, na pembeni andazi la mdalasini, maana huko vitu hivyo viwili havitenganishwi.

"Dada, leo umewaka mtandaoni kuliko moto wa nyika," Verlyn alisema huku akikaa.

"Kula chakula chako."

"Nakula. Nakula huku nasoma. Huyu hapa anasema una macho ya fuko. Fuko, Marlys! Huyo angalau kajitahidi."

"Na wewe mashine yako imewaweka wapi?"

"Ya kumi na tatu. Wameshinda kumi na tisa, wamepoteza mbili. Wanawaacha wenzao kwa pointi ishirini na nane, kila mechi."

"Wanawaacha akina nani? Ligi yao ile haina msichana anayeweza kuzuia hata mlango."

"Hilo mashine imeshalihesabu. Ukimpiga mnyonge, unapewa kidogo. Ukimpiga sana, unapewa kidogo zaidi ya kidogo. Bado ni ya kumi na tatu."

"Mashine yako haijakaa jukwaani hata siku moja."

"Kweli kabisa." Verlyn aliufuta mdomo wake taratibu, na Marlys akajua kuna kitu kinakuja, maana tangu utoto mdogo wake alijifuta mdomo kabla ya kupiga. "Na wewe je? Umewaona Bluestem wakicheza?"

Marlys alilishika andazi la mdalasini akalichana vipande viwili, kisha vinne.

"Nimeona vipande," alisema mwishowe.

"Vipande vya dakika mbili?"

"Verlyn."

"Mimi nauliza tu. Mashine yangu haijawaona, na haijidai ina macho. Wewe unayejidai..."

"Nimekusikia!"

Watu wa meza ya pili waligeuka. Marlys alilipa, akatoka bila kufunga koti, na upepo wa Januari ukamwingia hadi mbavuni. Kilichomuuma si matusi ya wale arobaini na wawili. Kilichomuuma ni kwamba walikuwa na haki. Timu za vyuo vikubwa alizipanga kwa macho, kwa kuwa televisheni ilizionyesha. Nyingine alizipanga kwa mazoea, mwaka nenda mwaka rudi, akayaita mazoea hayo ujuzi.

Jioni hiyo simu yake ililia.

"Bi Haugland? Naitwa Tonya Merriweather, kocha wa Bluestem. Usikate, sikupigii kukutukana. Naona wenzangu wameshaimaliza kazi hiyo."

"Wameifanya vizuri," Marlys alisema.

"Nawaombea radhi. Mimi nina neno moja tu: Jumamosi tunacheza nyumbani, saa nane mchana. Njoo utuone. Ukishatuona ukaamua hatufai, sitakuwa na kinyongo."

"Ni mwendo wa saa saba, Kocha."

"Sisi huenda saa tisa kwa basi kucheza na watu ambao hawapigi kura."

Marlys alicheka bila kupenda. Ijumaa akaondoka.

Ukumbi wa Bluestem ulikuwa mdogo, wa matofali, wenye joto la kukaba. Watu elfu nne walijibana humo, na katika mji wenye watu elfu tisa, hiyo maana yake maduka yote yalikuwa yamefungwa. Alipopita na kitambulisho chake shingoni, mzee mmoja mwenye kofia yenye umbo la gunzi la mahindi alimwita, "Mama! Miwani umekuja nayo?" Jukwaa likaangua kicheko. Marlys aliinyanyua miwani yake juu wote waione, wakampigia makofi.

Bluestem walishinda kwa pointi thelathini na moja. Na walikuwa wazuri. Marlys aliliona hilo ndani ya dakika tano, likamchoma. Hawakuwa warefu, lakini walizunguka kama vidole vya mkono mmoja. Kila mpinzani alipogeuka alimkuta mtu. Kiongozi wao alikuwa Jaycee Pokorny, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwenye msuko mmoja mnene na sauti iliyosikika juu ya kelele zote. Alirusha kutoka mbali na kufunga, alitoa pasi bila kutazama. Siku hiyo alifunga pointi ishirini na nne.

Lakini Marlys alikuwa mlinzi wa Iowa, na mlinzi haangalii mpira. Huangalia miguu. Jaycee kila aliporuka alitua kwa mguu wa kulia peke yake. Alipolazimika kusimama ghafla, uso wake haukubadilika, ila mkono wake wa kushoto ulifumba ngumi, kila mara. Mara nne njia ya kwenda kikapuni ilikuwa wazi mbele yake, na mara nne aliutoa mpira kwa mwingine. Jukwaa lilimshangilia kwa ukarimu wake. Marlys aliacha kuandika.

Baada ya mechi alimkuta kwenye korido ya nyuma, peke yake, ameegemea ukuta, anakunywa maji.

"Pokorny. Naitwa Marlys Haugland."

"Najua wewe ni nani, mama." Msichana alitabasamu. "Kwa hiyo? Tumepata nafasi au bado tuko gizani?"

"Goti la kushoto lina muda gani?"

Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini macho yaliondoka.

"Goti gani?"

"Binti yangu, mimi nimeendesha gari saa saba. Usinichoshe."

Jaycee alitazama huku na huku. Sauti yake ilishuka. "Wiki tatu. Nalifunga mwenyewe bwenini kabla sijaja. Daktari wa timu hajui. Kocha hajui. Tafadhali usiandike."

"Kwa nini umelificha?"

"Unajua kwa nini! Timu kumi na sita za juu ndizo zinazoanzia mashindano nyumbani kwao, kwenye ukumbi wao. Sisi hatujawahi hata siku moja. Baba yangu anauza vipuri vya matrekta, kila anayeingia dukani anamuuliza, 'Je, Machi mechi zitaletwa hapa?' Kila mtu! Nikikaa benchi tutapoteza mbili tatu, tutaporomoka, basi. Wiki tano tu, mama. Naomba wiki tano."

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba goti langu lilipoumia, nami nikaomba wiki mbili," Marlys alisema. "Mama yangu hakujua, kocha hakujua. Nilizipata wiki zangu mbili. Tukafika fainali ya jimbo, na tangu siku hiyo sijawahi kuruka."

"Lakini mlifika fainali," Jaycee alisema haraka.

Mlango ulifunguliwa, wasichana wakamwagika kwenye korido wakiimba, na Jaycee akaingia katikati yao akiruka kwa mguu mmoja kama kwamba ni furaha.

Jumapili Marlys aliiweka Bluestem ya kumi na tano. Aliifuta, akaiandika, akaifuta. Kuiweka chini ilikuwa kuidhulumu timu aliyoiona kwa macho yake ikicheza vile. Kuiweka juu ilikuwa kumlipa binti yule mshahara wa uongo wake. Akatuma hivyo hivyo, ya kumi na tano, na hakuhisi vizuri hata kidogo. Mashabiki wa Bluestem walimwita malkia. Yule wa fuko aliomba msamaha hadharani, na Marlys akatamani asingeomba.

Siku tatu zilizofuata alitembea. Alitembea kazini, alitembea nyumbani, alizunguka duka la vyakula bila kununua kitu. Aliinua simu kumpigia Merriweather, akairudisha. Alijiambia ni siri ya mtu mzima. Alijiambia mwandishi hana kazi ya uuguzi. Alijiambia mengi. Alhamisi alikwenda kwa Verlyn, akashuka ngazi hadi kwenye mashine yake, akamwambia yote.

Verlyn hakufanya mzaha. Alivuta kibodi.

"Wiki tatu, alisema?"

"Wiki tatu siku ile."

"Subiri." Alitafuta kwa muda, midomo ikicheza. Kisha akaigeuza skrini. "Hadi katikati ya Januari alikuwa anadaka mipira minane chini ya kikapu kila mechi. Tangu hapo, miwili. Na tazama hapa. Alikuwa anaingia hadi chini ya kikapu kurusha, mara saba kwa mechi, mara nane. Sasa ni sifuri. Mechi sita, sifuri. Ilikuwa hapa muda wote, dada, na mimi nilikuwa natazama jumla tu. Timu inashinda, mashine inafurahi, nami nafurahi nayo."

Marlys, kwa maajabu, alikuwa ameketi, juu ya sanduku la karatasi.

"Nikisema, nitaivunja timu yao," alisema.

"Utaivunja. Nimeijaribu hapa sasa hivi bila yeye, nafasi kumi zinaondoka." Verlyn alivua miwani. "Nakumbuka siku ile ya fainali. Mimi ndiye niliyekubeba kukupeleka garini. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, ukaniambia nisimwambie mama, na sikumwambia. Piga simu, Marlys."

Akapiga pale pale. Kocha Merriweather alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mdogo wangu tu. Siandiki."

"Mimi ninamwona kila siku," kocha alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyepigwa kibao. "Kila siku, Bi Haugland. Nilidhani amejifunza kugawa mpira. Nilimsifu mbele ya wenzake."

Kipimo kilionyesha kano ya goti imechanika nusu. Jaycee Pokorny alikaa benchi. Chuo kilitangaza kwamba ameumia, bila kusema lini wala nani aligundua. Bluestem wakapoteza Jumamosi hiyo, wakashinda mbili kwa taabu, wakapoteza tena, na katika fainali ya ligi yao wakapigwa kwa pointi kumi na nne. Jioni ya siku lilipotoka tangazo Marlys alipata ujumbe kutoka namba asiyoijua. Maneno mawili: *Umefurahi sasa?* Hakujibu. Lakini hakuufuta, na kwa wiki nzima aliusoma zaidi ya alivyosoma makala yoyote.

Katika kura aliishusha Bluestem hadi ya ishirini na mbili, kwa sababu ndivyo alivyoiona. Matusi yakarudi kwa kasi mpya: "Tulijua tu! Alikuwa anatafuta sababu!" Mashine ya Verlyn, ambayo haikusahau ushindi wa Novemba, iliiacha ya kumi na sita. Hilo lilimkera mwenye mashine.

"Naweza kuishusha kwa mkono," alimwambia dada yake. "Mstari mmoja tu wa maandishi. Pokorny hayupo, toa pointi sita."

"Usiiguse."

"Wewe ndiye unayesema? Wewe?"

"Ukianza kuigusa kwa huyu, kesho utaigusa kwa mwingine, na utakuwa umetengeneza Marlys wa pili. Mmoja anatosha nchi nzima."

Verlyn alicheka hadi akakohoa, lakini hakuigusa.

Siku ya kamati kutangaza ratiba ya mashindano, Bluestem hawakupata kuandaa. Walipelekwa mbali, katika jimbo la tatu kutoka kwao, kwenye ukumbi wa chuo chenye wanafunzi wengi kuliko wakazi wa mji wao mara tano. Televisheni iliwaonyesha wasichana wakipiga makofi kwa adabu na wazee nyuma yao wakikunja mabango waliyokuwa wameandaa. Marlys aliizima kabla haijaisha. Akaenda nje kuondoa theluji ambayo tayari ilikuwa inayeyuka.

Waliendesha hadi huko wakipokezana, yeye na Verlyn, wakibishana njia nzima kuhusu timu ya nne na ya tano. Ijumaa Bluestem walishinda kwa pointi moja, mpira wa mwisho wa wapinzani ukidunda juu ya chuma mara mbili na kukataa. Jumapili wenyeji waliwapiga kwa kumi na tisa, na msimu ukaishia hapo. Jaycee aliziona mechi zote mbili kutoka benchi, goti limefungwa ndani ya vyuma na mikanda, sauti imemkauka kwa kuwaelekeza wenzake nani amkabe nani.

Baada ya mechi ya pili Marlys alikuwa anashuka ngazi za waandishi, polepole, kwa lile goti lake la zamani, alipomwona msichana yule anamsubiri chini na magongo mawili. Karibu ageuke.

"Daktari anasema ningeruka vibaya mara moja tu, ingekatika yote," Jaycee alisema bila salamu. "Anasema Novemba nitacheza."

"Vizuri."

"Si vizuri. Tungeandaa sisi. Ungeona ukumbi wetu Machi. Baba yangu alikuwa ameshapaka rangi kibanda cha kuuzia vyakula, kwa mikono yake."

"Najua."

"Hujui. Ulienda kwako." Machozi yalimlenga, akayapangusa kwa bega kwa kuwa mikono ilikuwa na magongo. "Nina hasira na wewe, mama. Nilitaka ujue ana kwa ana, si kwa simu. Ule ujumbe ulikuwa wa woga."

"Kaa na hasira yako," Marlys alisema. "Ni haki yako. Ningekuwa wewe ningekuwa nayo hadi leo, na mimi aliyenyamaza kwa ajili yangu ni huyu hapa." Akamwonyesha Verlyn, aliyekuwa ngazi mbili juu, kofia mkononi, hajui aweke macho wapi. "Hata naye nilimkasirikia kwa kunyamaza. Miaka mingi."

Jaycee aliwatazama wote wawili. "Huyu ndiye wa kompyuta?"

"Ndiye," Verlyn alisema.

"Ulituweka ya kumi na sita hadi mwisho."

"Mashine ndiyo iliyowaweka. Mimi nilitaka kuwashusha."

Kwa mara ya kwanza msichana alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka kwa nguvu. Kisha wenzake walimwita kutoka kwenye basi, akageuka na magongo yake. Marlys alimnyooshea mkono kumsaidia mlangoni, na Jaycee akatikisa kichwa, akausukuma mlango kwa bega, akatoka mwenyewe.

Kura ya mwisho ya msimu ilitakiwa wiki mbili baadaye. Njia nzima ya kurudi Iowa Marlys hakuweza kutulia kitini. Alifungua dirisha, akalifunga, akatoa karatasi, akaandika majina kumi, akayakata saba.

"Bluestem utawaweka wapi?" Verlyn aliuliza, macho barabarani.

"Sijui."

"Kwangu sasa ni ya kumi na nane."

"Sikukuuliza, Verlyn," alisema, akaanza kuandika upya.